Kumtafuta bundi mdogo wa Sokoke: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na wageni wanaokuja Arabuko-Sokoke, kaunti ya Kilifi, kumtafuta bundi mmoja mdogo ambaye hana makao mengi duniani. Mengine huulizwa kwa simu wiki kadhaa kabla ya safari, mengine huulizwa kwa kunong'ona katikati ya kichaka saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Kama una haraka, soma sehemu ya asubuhi ya kutafuta na ile ya adabu. Hizo ndizo zinazoamua kama utamwona, na kama atakayekuja baada yako atamwona pia.

## Kumfahamu ndege mwenyewe

Huyu bundi ni yupi hasa?

Jina lake la kisayansi ni *Otus ireneae*. Ana urefu wa sentimita 16 hadi 18 na uzito wa gramu 50 hivi, sawa na yai la kuku. Macho yake ni ya manjano, kichwani ana vishungi viwili vya manyoya vinavyofanana na masikio, na mwilini ana madoadoa meupe na meusi yanayomfanya afanane na gome la mti au jani lililokauka.

Wataalamu walimfahamu juzijuzi tu. Alipatikana mwaka 1965, na maelezo yake ya kisayansi yakachapishwa na Mmarekani S. Dillon Ripley mwaka 1966. Jambo hili huwashangaza wengi, kwa sababu barabara ya Mombasa hadi Malindi inapita ubavuni mwa msitu anaoishi.

Mbona picha nilizoona zina rangi tofauti? Ni ndege wawili?

Ni ndege mmoja. Wapo wa kijivu, wapo wa kahawia na wapo wenye wekundu wa kutu. Rangi haielezi umri wala jinsia, na jozi moja inaweza kuwa na ndege wa rangi mbili tofauti wamekaa bega kwa bega. Kwa hiyo usimwambie mwongozaji wako, "Mimi nataka yule mwekundu." Atakuonyesha atakayempata.

Anaishi wapi?

Makao yake makubwa ni Arabuko-Sokoke. Nje ya hapo anajulikana katika misitu ya nyanda za chini chini ya milima ya Usambara Mashariki, Tanzania, alikogunduliwa mwaka 1992, na kwa uchache katika eneo la Dakatcha, kaskazini-magharibi ya Malindi. Hapo orodha imekwisha. Shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, limemweka katika kundi la viumbe walio hatarini kutoweka.

Ni yuleyule bundi mdogo wa Pemba?

La. Wa Pemba ni spishi nyingine, *Otus pembaensis*, na haishi popote duniani isipokuwa kisiwani Pemba. Ukitaka kumwona huyo, funga safari ya msitu wa Ngezi. Watu huwachanganya kwa sababu wote wawili ni wadogo, wana vishungi, na ni wa pwani yetu hii.

Anakula nini? Anashika kuku?

Hana uwezo wa kushika kuku, hata kifaranga hamjali. Chakula chake ni wadudu: mende wa msituni, nyenje, panzi na jamii zao, anaowawinda usiku. Swali hili linastahili jibu la wazi kwa sababu bundi wengi huuawa kwa makosa wasiyoyatenda.

Bundi si uchuro? Wenyeji hawaogopi?

Imani hiyo ipo na si ya Wagiriama peke yao. Pwani nzima, na bara pia, wapo wanaoamini kwamba bundi akilia juu ya paa kuna msiba unakuja, na wapo wanaomhusisha na uchawi. Ukimkuta mzee kijijini anakukemea kwa kuwafuata bundi, usimcheke na usibishane naye. Msalimu, mwambie unachokitafuta, msikilize.

Jambo moja linalosaidia kueleza ni kwamba huyu wa Sokoke hakai juu ya paa. Hatoki msituni, hapendi mashamba wala nyumba. Vijana wengi wanaowaongoza wageni ni watoto wa vijiji hivyohivyo, na wameisomesha jamii yao kuhusu ndege huyu kuliko ambavyo semina yoyote ingeweza. Mama anayeona mwanawe analipa karo za wadogo zake kwa kazi ya kuonyesha bundi humtazama bundi kwa jicho jingine.

## Msitu wake

Arabuko-Sokoke ni msitu wa namna gani?

Una ukubwa wa kilomita za mraba 420 hivi, na ndio kipande kikubwa zaidi kilichobaki cha msitu mkavu wa pwani katika Afrika Mashariki. Zamani misitu ya aina hii ilitanda pwani kwa mapana na marefu. Huu ulitangazwa kuwa msitu wa serikali mwaka 1943. Leo unasimamiwa kwa pamoja na Huduma ya Misitu ya Kenya, Huduma ya Wanyamapori (KWS), Taasisi ya Utafiti wa Misitu na Makavazi ya Taifa, wakishirikiana na jamii zinazouzunguka.

Lililo muhimu kwako wewe mtafuta bundi ni kwamba huu si msitu mmoja. Ni misitu mitatu iliyolala sambamba. Upande wa bahari kuna msitu mchanganyiko, wenye kivuli na miti ya kila aina. Katikati kuna ukanda wa mirihi, miti mirefu iliyoachana juu ya mchanga mweupe, ambako unaweza kuona mbali. Upande wa magharibi udongo hubadilika ghafla kuwa mwekundu, na hapo ndipo penye vichaka vya *Cynometra*: miti mifupi, minene kwa kufumana, na chini yake miiba. Bundi wetu ni wa huko kwenye udongo mwekundu. Mgeni anayezunguka asubuhi nzima karibu na lango la Gede, upande wa bahari, akisema bundi hayupo, kwa kweli hajafika nyumbani kwake.

Kwa nini hahamii sehemu nyingine ya msitu?

Anahitaji vichaka vilivyofumana vya kujificha mchana, na inaaminika anahitaji miti yenye matundu ya kutagia. Miti yenye matundu ni miti mikubwa, ya umri mrefu. Hiyo ndiyo iliyokatwa zaidi. Muhuhu, kwa mfano, umetafutwa kwa miaka mingi na wachonga vinyago, na ukiutazama msitu kutoka barabarani utauona umejaa kijani na kudhani ni mzima, kumbe ndani miti minene imetolewa mmoja mmoja.

Ndiyo maana mimi huwaambia wageni wasipime afya ya msitu huu kwa macho ya kupita. Msitu unaweza kuwapo kwenye ramani, mita kwa mita, na bado bundi akakosa mahali pa kulea.

Wamebaki wangapi?

Katika miaka ya 1990 mtafiti Munir Virani na wenzake waliwahesabu kwa kufuata milio, na makadirio yakawa jozi 1,000 hivi kwa msitu mzima. Tafiti za baadaye zilionyesha kwamba wamepungua. Kumbuka kwamba hawa huhesabiwa kwa masikio, usiku, kwenye vichaka ambavyo mtu hapenyi kirahisi, hivyo kila tarakimu ni makadirio.

## Kupanga safari

Wakati gani wa mwaka ni mzuri?

Bundi hahami, yupo mwaka mzima. Kinachobadilika ni njia na masikio yako. Masika, kuanzia Aprili hadi Juni hivi, njia za udongo mwekundu huwa tope la kuteleza na gari huzama. Kusi ikivuma kwa nguvu, majani hupiga kelele na milio ya mbali haisikiki vizuri.

Msimu wa kaskazi, Desemba hadi Machi, njia ni kavu, na faida nyingine ni kwamba hori ya Mida hapo jirani hujaa ndege wahamiaji kutoka Ulaya na Asia. Joto lakini ni kali. Miezi ya Agosti hadi Oktoba ni mizuri pia na haina umati wa wageni. Ningeulizwa kuchagua, ningesema Septemba au Februari.

Nifikeje?

Kutoka Nairobi kuna ndege za Malindi, au treni hadi Mombasa. Treni inaishia Miritini, kwa hiyo utahitaji usafiri wa kukufikisha mjini. Matatu za Malindi hupatikana barabara ya Abdel Nasser, Mombasa. Gede ni mwendo wa kilomita 100 hivi.

Mwambie makanga mapema kwamba unashuka kituo cha msitu, kabla ya kufika Gede. Ukipitiliza si neno, chukua bodaboda au tuktuk ikurudishe. Wengi hulala Watamu, iliyo karibu na yenye nyumba za kila bei, kuanzia vyumba vya kawaida hadi hoteli za ufukweni.

Nahitaji gari?

Kwa kuzunguka vijia vya Gede, huhitaji. Kwa bundi, ndiyo, kwa sababu kwenye udongo mwekundu ni mbali na lango na unatakiwa uwe umefika kabla jua halijapanda. Gari la juu lenye nguvu ya magurudumu manne ndilo salama, hasa kukiwa na unyevu. Ukikosa, mwulize mwongozaji: mara nyingi anajua mtu wa karibu mwenye gari, au atakupangia uingie kwa upande wa Jilore, kaskazini, ambako vichaka vya *Cynometra* viko karibu zaidi.

Nahitaji siku ngapi?

Panga asubuhi mbili. Ya kwanza inaweza kutosha, na mara nyingi hutosha ukiwa na mwongozaji mzuri. Ya pili ni kwa ajili ya mvua, tairi, au ndege walioamua kuhama kichaka usiku uliopita. Mtu anayekuja kwa saa tatu kati ya ufukweni na uwanja wa ndege anajitesa mwenyewe na kumtesa mwongozaji.

Gharama zikoje?

Kuna ada ya kuingia, ambayo hutofautiana kwa raia, mkaazi na mgeni wa nje, na hulipwa kwa njia ya mtandao au simu, si kwa noti langoni. Malipo ya mwongozaji ni tofauti na hayo, na gari ni tofauti pia. Viwango hubadilika, kwa hiyo uliza wiki hiyohiyo unayosafiri. Kubalianeni bei ya mwongozaji kabla ya kuingia msituni, pamoja na kitakachofuata ikiwa ndege hakuonekana (angalia swali la kulipa kwa safari isiyofanikiwa, chini).

## Asubuhi ya kutafuta

Naweza kumtafuta mwenyewe bila mwongozaji?

Nakushauri usijaribu. Vijia vya upande wa bahari unaweza kutembea na ramani, lakini vichaka vya magharibi vinafanana kila upande, na ndani kuna ndovu na nyati. Hata ukifika salama, utapita mita mbili kutoka kwa bundi bila kumwona.

Sababu kubwa zaidi ni kwamba ujuzi wa kumpata ndege huyu uko vichwani mwa watu. Haumo kwenye vitabu wala kwenye simu. Waongozaji wa msitu huu, walioungana katika chama chao, wanajua jozi ipi ilikuwa ikilala upande gani mwezi uliopita, ipi ilisumbuliwa na sasa inahitaji kuachwa, na mti upi ulianguka.

Anampataje?

Kazi huanza ukiwa bado umelala. Mwongozaji huenda gizani, husimama na kusikiliza. Mlio wa bundi huyu ni miluzi mifupi laini inayofuatana kwa mfululizo mmoja, mitano hadi tisa hivi, kisha kimya, kisha tena. Anachokitafuta mwongozaji ni mlio wa mwisho wa alfajiri, kwa sababu ndege akiacha kuita kunapopambazuka, hatakwenda mbali na pale atakapolala.

Kukishakucha, hukuacha njiani na kuingia peke yake. Utamwona akiinama, akipotea, akitokea pengine. Anatazama matawi ya chini ndani ya kichaka, urefu wa mtu au mara mbili yake, na anatazama majani ya chini kama yana kinyesi cheupe. Wakati mwingine ni dakika ishirini, wakati mwingine ni saa mbili. Akiwapata, hurudi na kukuita kwa mkono bila sauti.

Sehemu hii ndiyo wageni wengi huiona ndefu na isiyo na lolote. Itumie. Keti, sikiliza jinsi ndege wa mchana wanavyopokezana na wa usiku, tazama njia ya mchanga kama ina nyayo. Usimfuate ndani na usimwite. Watu wawili wakipasua kichaka kimoja, bundi huondoka kabla ya yeyote kumwona.

Nikiitwa, nifanye nini?

Fuata nyayo zake, hatua kwa hatua. Usivunje matawi ili upate njia, pinda, tambaa ikibidi. Atakuelekeza kwa kidole au kwa mti uliosimama: "Tazama shina lile lililopinda, panda nalo, kushoto kuna majani makavu." Mara nyingi hayo majani makavu ndiyo bundi.

Usihamishe macho. Mtazame kwanza kwa macho matupu, ndipo uinue darubini polepole. Wakiwa wawili wamegusana, huwa wamefumba macho nusu. Wakiyafumbua kabisa, wakajinyoosha kuwa wembamba na vishungi vikasimama, wameogopa. Hiyo ni ishara ya wewe kurudi nyuma.

Tukae muda gani?

Dakika chache zinatosha, na mwongozaji ndiye anayesema basi. Kundi likiwa kubwa, mnaingia wawiliwawili na wengine wanasubiri njiani. Kwa kazi hii kundi la watu wanne ni zuri, sita ni wengi, na kumi ni safari ya aina nyingine.

Na usiku je? Si ni ndege wa usiku?

Usiku utamsikia vizuri zaidi kuliko utakavyomwona. Matembezi ya jioni yanawezekana kwa mpango maalumu na ruhusa, ukiwa na mwongozaji na pengine askari wa KWS, kwa sababu ya ndovu. Kuusikiliza msitu ukibadilisha zamu, komba wakianza kulia na bundi wakijibizana kutoka vichaka viwili, ni jambo ambalo ningemtakia kila Mkenya alipate walau mara moja. Ila kama shabaha yako ni kumwona, tegemea asubuhi.

## Sauti, picha na adabu

Naweza kumpigia mlio uliorekodiwa kwenye simu ili aje?

Usifanye hivyo. Bundi akisikia mlio wa mwenzake katika eneo lake anadhani amevamiwa. Anaacha kuwinda, anaacha mwenzi wake au tundu lake, anakuja kupigana na adui asiyekuwapo. Likifanywa na mgeni mmoja ni usumbufu. Likifanywa kila wiki mahali palepale, jozi huhama au huzoea kutojibu, na hapo hata watafiti wanaohesabu kwa milio hupata hesabu ya uongo.

Mwongozaji anaweza kuiga mluzi kwa mdomo mara moja au mbili kwa busara yake. Mwachie yeye uamuzi huo. Na usimshawishi kwa bahasha aongeze: unamnunulia jina baya kwa ndege ambao ni riziki yake.

Sheria za picha ni zipi?

Bila fleshi, kabisa. Usimulike tochi machoni mwake pia. Usikate wala usivute tawi linaloziba sura yake. Kivuli cha kichaka ni kizito, kwa hiyo pandisha uwezo wa kamera wa kupokea mwanga, egemea mti au tumia fimbo ya kamera ya mguu mmoja, na ukubali picha yenye chembechembe. Picha ya bundi aliyetulia nyuma ya majani inaeleza maisha yake kwa ukweli kuliko picha safi ya bundi aliyefukuzwa akatua mahali peupe.

Naweza kuweka picha mtandaoni pamoja na mahali nilipompata?

Picha weka. Andika "Arabuko-Sokoke" na uishie hapo. Zima alama ya mahali kwenye simu, na usichapishe kijia, namba ya njia wala picha ya mti wenye tundu. Ukitaka taarifa yako iwe na manufaa, ipeleke kwa wanaokusanya takwimu, kama mradi wa Kenya Bird Map, unaotumia kumbukumbu za watu wa kawaida kuchora ramani ya ndege wa nchi nzima.

## Usalama na maandalizi

Nibebe nini?

Darubini ya kukuza mara nane inatosha, na ndani ya kichaka ni bora kuliko ya mara kumi kwa sababu inapokea mwanga vizuri na inaona upana zaidi. Vaa suruali ndefu na shati la mikono mirefu, rangi za majani au udongo, usivae nyeupe. Viatu vya kufunika mguu, soksi juu ya suruali. Maji ya kutosha, zaidi ya unavyodhani. Dawa ya kufukuza mbu: pwani ina malaria, na kama unatoka nyanda za juu zungumza na daktari kuhusu kinga kabla ya kusafiri. Kupe wapo, kwa hiyo jikague jioni.

Chai ya asubuhi utaikosa. Nunua mahamri jana yake.

Ndovu ni hatari kiasi gani?

Ni ndovu wa kweli, na kwenye vichaka vilivyofumana huwezi kuwaona hadi uwe karibu mno. Mwongozaji husoma nyayo, kinyesi na matawi yaliyovunjwa upya. Akisema turudi, rudini bila mjadala, hata kama bundi alisikika hapo mbele. Mkikutana nao ghafla, nyamazeni, msikimbie ovyo, fuateni anakoelekea yeye, naye atazingatia upepo.

Kuhusu nyoka, tazama unapokanyaga na usitie mkono usipopaona.

Nina mtoto, au mzazi mzee, au nina shida ya kutembea. Niache?

Hapana, panga tofauti. Ndani ya vichaka vya *Cynometra* ni kuinama na kutambaa, na hilo si la kila mtu. Lakini njia kuu za msitu ni tambarare, na vijia vya Gede ni rahisi kwa watoto wa shule. Mtoto mwenye umri wa kunyamaza anapoambiwa anaweza hata kuja kwa bundi. Mwambie mwongozaji hali halisi siku ya kupanga, si asubuhi yenyewe.

## Wengine wa kutazama

Nikishamwona bundi, nimemaliza?

Hujamaliza hata nusu. Kwenye mirihi tafuta pipiti wa Sokoke anayetembea ardhini juu ya majani makavu, chozi wa Amani juu kabisa kwenye vilele, na kwera wa Kilifi, anayepita na kundi la ndege mchanganyiko kwa dakika chache kisha akatoweka. Kwera huyu haishi popote nje ya kaunti ya Kilifi, na mahali anapojenga viota hapakujulikana hadi mwaka 2013, vilipopatikana kwenye eneo la maji la Dakatcha. Upande wa msitu mchanganyiko kuna akalati wa pwani, kulukulu wa Fischer, na wakati wa mvua ndefu pita wa Afrika huanza kufika.

Usitazame juu tu. Sange mwenye kiuno cha dhahabu, mnyama mwenye pua ndefu na kiraka cha manjano nyuma, hupatikana hasa katika msitu huu, na asubuhi mapema utamwona akikwangua majani njiani. Paa nunga yupo pia, ila huyo nimemkuta ni msiri kuliko bundi.

Nina mchana mmoja uliobaki. Niende wapi?

Magofu ya Gede yako jirani, na hapohapo kuna mradi wa Kipepeo, ulioanza mwaka 1993, ambapo wakulima wa kandokando ya msitu hufuga viwavi na kuuza pupa nje ya nchi. Kama kaskazi imevuma, nenda hori ya Mida maji yanapopwa, ukapite kwenye daraja la mbao na kamba juu ya mikoko. Ada ya daraja huchangia karo za wanafunzi wa sekondari kutoka familia zinazoishi kando ya msitu.

## Mambo yasiyo ya kawaida

Tumetafuta na hatukumwona. Nalipa?

Ndiyo. Unalipia ujuzi na asubuhi ya mtu aliyeamka saa tisa usiku kukusikilizia msitu. Waongozaji wanaoshinikizwa na malipo ya "ukimwona tu" ndio wanaolazimika kurudi kwa jozi ileile kila siku, na hasara humwangukia ndege. Ukiwa na asubuhi ya pili (angalia swali la siku ngapi), wengi watakufikiria katika bei.

Nimemsikia tu. Nimhesabu kwenye orodha yangu?

Orodha ni yako. Wengi huandika "amesikika". Watafiti wenyewe humhesabu hivyo, na mimi sioni ubaya wowote.

Je, Usambara ni rahisi zaidi kumpata?

Si rahisi. Huko yuko kwenye misitu ya chini, si juu Amani kwenye baridi, na idadi yake ni ndogo. Kwa Mtanzania anayetaka kuanza na nyumbani, anza na watu wa Hifadhi ya Amani, wakuelekeze kwa waongozaji wa vijiji vya chini. Ila jiandae kwa uwezekano mkubwa wa kusikia zaidi kuliko kuona.

Nimemkuta ameanguka chini, au nimeona kifaranga peke yake. Nimchukue?

Usimchukue. Kifaranga aliyetoka tunduni kabla ya kuruka vizuri mara nyingi hajaachwa, wazazi wako karibu wakisubiri uondoke. Rudi nyuma, mwonyeshe mwongozaji. Aliyeumia waziwazi, mwongozaji atapiga simu kwa KWS. Usimpe maji kwa mdomo wala usimlishe nyama.

Mtu ameniambia ana bundi anauza, au anajua mwenye mtego.

Usinunue hata kwa nia ya kumwokoa, kwa sababu kesho atakamatwa mwingine. Kumshika na kumwuza ni kinyume cha sheria ya wanyamapori ya Kenya. Usigombane naye wala usimpige picha usoni. Toa taarifa kwa kituo cha msitu au KWS, na taja mahali na muda.

Naweza kurusha droni?

Bila kibali, hapana. Na kwa bundi anayelala chini ya majani, droni haitakuonyesha chochote.

Sisi ni shule ya karibu, hatuna pesa za safari kubwa. Tuanzeje?

Andikieni barua kituo cha msitu cha Gede mkieleza idadi ya wanafunzi, darasa na tarehe mbili mnazoweza. Ombeni mwongozaji mmoja kwa kila kundi dogo na vijia vya karibu, siyo vichaka vya bundi. Kama shule ina darubini moja tu, wape watoto zamu ya kila mti na kila mmoja aandike alichokiona kwa maneno yake, rangi, mdomo, mlio. Mwongozaji akipenda, mwombeni abaki nusu saa baada ya matembezi awaigie mluzi wa bundi na kuwaeleza kwa Kigiriama. Watoto wengi wataweza kuuiga kabla ya kufika nyumbani.